Bamvua ya Jumamosi, Tope la Tudor

Nimerudi nyumbani saa nane mchana, tope limenikaukia hadi magotini. Makanga alinitazama miguu, akanionyesha kiti cha nyuma kabisa bila kusema neno. Simlaumu.

Leo ilikuwa zamu yetu ya kukagua miche ya mikoko na watoto wa makao ya hapa mtaani. Bahari ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na kufikia saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa hata hori ya Tudor, mkono huu wa bahari wa Mombasa, ikabaki tope tupu na kaa wanaokimbilia mashimoni. Walikuja wavuvi watatu na akina mama wa kikundi cha mikoko. Mimi nilijipa kazi ya kubeba uji, kazi isiyo na heshima lakini isiyo na lawama.

Mwaka jana mambo yalikuwa mengine. Kampuni moja ilituletea fulana, bango, vipaza sauti na mpiga picha. Watoto walichomeka mbegu za mkoko kwa mamia, karibu kabisa na maji, kwa kuwa pale ndipo picha inapotoka vizuri. Mzee mmoja mvuvi aliguna: "Hapo si pa mkoko, wanangu. Hapo pa mlilana." Hakuna aliyemsikiliza, na mimi nikiwemo. Baada ya miezi michache nilipita pale nikakuta vijiti vikavu vilivyogandwa na makome madogo.

Mzee alikuwa sahihi. Mlilana, aina nyingine ya mikoko, ndio unaosimama mbele kupokea mawimbi. Mkoko wenyewe, ule wa miguu kama buibui, hukaa nyuma yake, kisha muia na mkandaa. Mchu ni mkaidi, utaukuta huku na huku. Ukiupeleka mkoko kwa mlilana, maji huufunika muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia. Elimu hii yote ilikuwa imesimama pale imevaa msuli, sisi tunapigana na waya za vipaza sauti.

Safari hii hakuna fulana. Bi mkubwa wa kikundi alitoa sharti moja kwa walezi: watoto waje kila mwezi kuikagua miche yao, si siku ya kupanda tu. Wavuvi nao hupeleka fungu la samaki kwenye makao, na wiki bahari ikiwa mbaya hupeleka dagaa. Hawaiiti sadaka. Kamba na kaa hukulia kwenye mizizi ile, kwa hiyo, wanasema, watoto wanawalishia samaki wao.

Wenzetu wa Gazi, kule Kwale, wametuacha mbali. Tangu 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja unauza hewa ukaa, yaani unalipwa kwa kaboni inayonaswa na kuhifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na pesa zimesaidia shule na maji ya kijiji. Sisi tuna daftari la kurasa 96 la kuandikia hali ya miche. Chupa tulizookota leo tuliziuza kwa kilo, na pesa yake haikufika hata nauli ya watoto. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2017 ilipunguza mengi, nakumbuka mizizi ilivyokuwa imevaa mifuko kama nguo za kuanikwa. Chupa na nepi bado zinakuja na kila maji yanayojaa.

Anayeshika daftari ni msichana wa miaka kumi hivi. Mche wake ameufunga uzi mwekundu alioutoa kwenye sweta. Leo aliukuta umeangusha majani yote mawili, akachuchumaa mbele yake bila kusema kitu. Kisha akaita:

"Bibi, wangu umekufa?"

Bi mkubwa alikuja polepole, akiinua leso isiguse tope. Akaukwaruza mche kwa ukucha, kidogo tu. Ndani kulikuwa kijani.

"U hai huu. Andika."

Aliandika, akapiga mstari chini. Wakati wa kuondoka tope lilimnyang'anya ndara moja. Mvuvi akapiga goti, akazamisha mkono hadi begani, akapapasa, akatoa ndara. Haikuwa yake. Ilikuwa ya mguu uleule lakini nyekundu, sijui imelala humo tangu lini. Msichana akaisuuza kwenye kidimbwi, akaivaa, akapanda ngazi za barabarani, buluu kushoto, nyekundu kulia, daftari kichwani.