Karatasi za kuasili mtoto wa kambo, ndugu au mtu mzima: jalada hukwama wapi

Wengi wanaoanza kuandaa karatasi za kuasili humalizia nguvu zao kwenye ombi lenyewe, ile fomu ya kurasa chache inayotaja nani anamwasili nani. Fomu hiyo ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Jalada linaporudishwa na karani au jaji, mara nyingi ni kwa sababu mbili: majina hayalingani, au mzazi wa upande wa pili hakushughulikiwa inavyotakiwa. Nitakaa zaidi kwenye hayo mawili.

Anza na majina kabla hujajaza chochote. Weka mezani cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa ya mwombaji na mzazi, hati ya talaka ya ndoa iliyotangulia, cheti cha kifo kama mzazi mmoja amefariki, na vitambulisho au pasipoti za watu wazima wote. Chora jedwali, kila mtu na mstari wake, kisha nakili jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kila hati. Usiandike kwa kumbukumbu. Hapo ndipo utaona kwamba Mohamed wa cheti cha kuzaliwa ni Mohammed kwenye pasipoti, kwamba mama ana jina la baba yake kwenye cheti cha mtoto na la mumewe kwenye cheti cha ndoa, na kwamba tarehe moja imeandikwa kwa kutanguliza siku huku, mwezi kule.

Tofauti ndogo huponywa kwa hati ya kiapo inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja, ikiambatanishwa na nakala za hati zote mbili. Tofauti kubwa, kwa mfano jina la mzazi lililokosewa kwenye cheti cha mtoto, ni bora irekebishwe kwanza kwa msajili wa vizazi. Amri itakayotoka mahakamani itapelekwa kwa msajili huyohuyo, naye atatafuta jina lililoko kwenye daftari lake, si lile mnaloitana nyumbani.

Sasa mtoto wa kambo. Katika aina hii mzazi anayeishi na mtoto habanduki; anayepoteza nafasi ni mzazi wa pili. Karatasi lazima iseme hivyo waziwazi. Ukichukua fomu ya kuasili ya kawaida, inayokata uhusiano na wazazi wote wawili, mama anaweza kusaini ridhaa ya kuvuliwa umama wake bila kujua. England na Wales zamani sheria yenyewe ilikuwa na kituko cha aina hiyo: mpaka 30 Desemba 2005, mama alilazimika kuomba pamoja na mumewe kumwasili mtoto aliyemzaa mwenyewe. Siku hizi baba wa kambo huomba peke yake, lakini awe ameishi na mtoto miezi 6, na awe ameiarifu halmashauri angalau miezi 3 kabla ya kufungua shauri. Kusahau taarifa hiyo ya miezi 3 ni kurudi mwanzo hata kama kila karatasi nyingine imekamilika.

Kuhusu mzazi wa pili, hali ni tatu: anakubali, anapinga, au hajulikani alipo.

Akikubali, ridhaa isainiwe mbele ya mtu anayetambuliwa na sheria ya mahali hapo kushuhudia: notari, kamishna wa viapo au afisa wa ustawi wa jamii. Karatasi iliyosainiwa sebuleni na kupigwa picha kwa simu haina kazi. Imtaje mtoto kwa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, imtaje anayeasili, na iseme kwamba anayesaini anaelewa kuwa anaachia haki zake moja kwa moja. Kama yuko nchi nyingine, sahihi yake itahitaji apostili, yaani cheti kinachothibitisha sahihi na muhuri ili hati ikubalike nchi nyingine, kwa utaratibu wa Mkataba wa Hague wa 5 Oktoba 1961. Nchi isiyokuwemo kwenye mkataba hupitishia hati wizara ya mambo ya nje na ubalozini, jambo linaloweza kula wiki nyingi. Jambo jingine: usiingize humo makubaliano kwamba ameridhia ili asamehewe matunzo ya mtoto. Jaji akisoma hivyo ataona ridhaa imenunuliwa. Deni la matunzo lililokwisha kulimbikizwa lishughulikiwe kwa karatasi yake. Halifutiki kwa sababu tu mtoto kaasiliwa.

Asipojulikana alipo, kazi yote imo kwenye hati ya kiapo ya kumtafuta. Mbovu husema: "Baba wa mtoto hajulikani alipo na tumemtafuta sana." Hiyo itarudishwa. Inayopita husema: "Mara ya mwisho kuwasiliana naye ilikuwa Machi 2021, kwa simu. Namba hiyo haipatikani tangu Juni mwaka huohuo. Nilituma barua ya rejista kwenye makazi yake ya mwisho. Ilirudi ikiwa na muhuri wa posta, kielelezo C. Nilimuuliza dada yake tarehe 4 Februari, akasema hajui alipo." Tarehe, njia, jibu, ushahidi. Taja ndugu, mwajiri wa mwisho, mitandao ya kijamii, na kama sheria inataka, rekodi za magereza na vifo. Mahakama ikiridhika, ndipo itaruhusu atangaziwe kwa njia mbadala, kama gazetini. Ukitangaza kabla ya ruhusa hiyo, fedha yako imekwenda bure na tangazo halihesabiki.

Akipinga, hilo si jambo la fomu tena, tafuta wakili. Unachoweza kumwandalia ni ushahidi uliopangwa. California, kwa mfano, mahakama inaweza kuendelea bila ridhaa ya mzazi asiye na mtoto kama kwa mwaka mzima hakuwasiliana naye wala kumtunza, kwa kutaka, ilhali ana uwezo. Yote mawili, mawasiliano na matunzo, yanahitaji rekodi ya mwezi kwa mwezi. Huko pia mtoto wa miaka 12 na zaidi lazima aridhie mwenyewe.

Kwa ndugu, mzigo ni kuthibitisha udugu, nao huthibitishwa kwa mnyororo wa vyeti. Bibi anahitaji viwili: cheti cha mtoto kinachomtaja mzazi, na cha mzazi kinachomtaja bibi. Shangazi au mjomba anahitaji vitatu: cha mtoto, cha mzazi, na chake mwenyewe, hivi viwili vya mwisho vikionyesha mzazi yuleyule. Kila aliyebadili jina kwa ndoa anaongeza cheti cha ndoa. Watu huleta barua ya ukoo badala yake; inasaidia kama nyongeza, lakini pengo la cheti hailizibi. Faida ya kuthibitisha udugu ni kwamba masharti mengi hulegezwa. Kenya humtaka mwombaji awe na miaka 25 na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21, lakini ndugu wa damu habanwi na tofauti hiyo. California humtaka mwombaji amzidi mtoto miaka 10, na inaweza kumsamehe mzazi wa kambo na ndugu. Kabla ya yote haya, jiulize kama kinachotakiwa ni ulezi tu wa kisheria: ikiwa wazazi wapo na watarudi, ulezi ni mwepesi zaidi na hugeuzika.

Mtu mzima ana karatasi chache kuliko wote, ila kwanza uliza kama inawezekana. England na Wales aliyekwisha kufika miaka 18 kabla ya ombi haasiliwi. Ujerumani inaruhusu, kwa ombi lililothibitishwa na notari na uhusiano wa kweli wa mzazi na mwana. Japani hutosha kusajili kwenye ofisi ya manispaa kwa fomu yenye majina ya mashahidi wawili wazima, mradi anayeasiliwa asimzidi umri anayeasili. California haidai ridhaa ya wazazi wa damu, lakini wenzi wa ndoa wa pande zote mbili lazima waridhie. Anayefikiria uhamiaji wa Marekani asipoteze muda hapa: kwa kawaida kuasiliwa lazima kuwe kumekamilika kabla ya miaka 16.

Rasimu ya amri uiandae mwenyewe, na jina jipya liandikwe kama litakavyosomeka kwenye cheti kipya, mpaka nukta. Amri ikitoka, omba nakala tano zenye muhuri siku hiyohiyo. Moja iende kwa msajili, kwa maana kwingi cheti kipya hakiji chenyewe mpaka fomu yake ijazwe. Nyingine ni za pasipoti, shule na bima. Ya mwisho ibaki nyumbani, isiguswe na pini wala kutobolewa, maana kuna ofisi zinazoikataa nakala iliyobanduliwa pini.