Nilivyoacha kuwapa mbuzi wote dawa ya minyoo

Naandika hii kwa mtu ambaye mbuzi wake wanakonda na kufa kila mvua zikianza na dawa anawapa bila kukosa, maana nimepitia hapo miaka mitatu na najua inavyouma.

Nilianza na mbuzi 11 wakazaana vizuri tu mpaka wakafika 38, ila malisho yalikua yale yale. Kadiri walivyoongezeka ndo vifo vikaanza, kwanza vitoto vilivyoachishwa kunyonya, baadae hadi majike wakubwa wenye maziwa. Nikawa nawapa dawa wote kila mwezi, wa kwanza hadi wa mwisho, wanachangamka siku chache halafu wanarudi pale pale. Kuna jike mmoja nilimpenda sana, asubuhi moja nikamkuta amevimba chini ya taya kama ana kamfuko ka maji, ukibonyeza alama ya kidole inabaki. Nikamfunua kope ndani, nyeupe kama karatasi. Alikufa mchana huo huo nimemshika kichwa.

Daktari wa mifugo alipompasua akanionyesha tumbo la nne, minyoo wembamba kama nyuzi, urefu sentimita mbili tatu, wamejaa. Ukiwaangalia kwa karibu jike ana mistari miwili imejisokota, mwekundu na mweupe, ule mwekundu ni utumbo wake umejaa damu ya mbuzi. Kitaalamu anaitwa Haemonchus contortus. Jike mmoja anataga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, na kila mnyoo anampotezea mbuzi kama mililita 0.05 ya damu kwa siku, sasa mbuzi mwenye minyoo 2,000 hapo ni mililita 100 kila siku wakati mbuzi wa kilo 30 damu yake yote ni kama lita mbili!

Mayai yanatoka na kinyesi, kukiwa na joto na unyevu ndani ya wiki hivi yashakua vibuu, yaani minyoo wachanga, vinavyopanda majani na umande, mbuzi anavila, wiki tatu baadae ni minyoo wanaotaga. Hapo ndo nikaelewa kwanini vifo vilikuja baada ya kundi kukua. Mbuzi wengi eneo lile lile maana yake kinyesi kingi na majani mafupi, na vibuu vingi vinakaa chini karibu na udongo, kwa hiyo kila mdomo wanaokula unakuja na minyoo. Idadi ya mbuzi inapanda, minyoo wanapanda nyuma yake, halafu mbuzi wanaporomoka. Hata porini ipo, kule kaskazini mwa Uingereza kuna ndege jamii ya kwale idadi yao inapanda na kuporomoka kila baada ya miaka kadhaa, watafiti wakawapa ndege dawa ya minyoo na mwaka 1998 wakachapisha kwamba mporomoko ulipungua. Nilisoma hiyo nikaona kabisa zizi langu.

Tatizo langu sasa dawa ilikua haifanyi kazi. Daktari akaniuliza, "Dada, hii dawa umeitumia muda gani?" Nikamwambia miaka mitatu, hiyo hiyo. Akachukua kinyesi cha mbuzi 10, tukawapima uzito tukawapa dawa, siku ya 14 akachukua tena. Dawa inayofanya kazi inatakiwa ipunguze mayai angalau asilimia 95, yangu ilipunguza 40 na kitu. Usugu. Kila nilipowanywesha wote nilikua naua minyoo dhaifu tu na kuwaachia malisho yote wale sugu wazaliane wenyewe.

Ila kwenye yale majibu kulikua na kitu kilichonibadilisha kabisa: kati ya mbuzi 10, wawili peke yao walikua na mayai mengi kuliko wale wanane ukiwajumlisha. Kumbe vimelea ndivyo walivyo, hawagawanyiki sawa, wanyama wachache wanabeba mzigo mkubwa na hao ndo wanaochafua malisho ya wenzao.

Kwa hiyo nikaanza kuangalia kope, kuna kadi ya rangi iliyobuniwa Afrika Kusini inaitwa FAMACHA, namba 1 ni nyekundu kabisa, 5 ni nyeupe. Msimu wa mvua naangalia kila wiki mbili, mwenye 4 au 5 anapata dawa, mwenye 3 anapata kama ni mtoto, ana mimba au ananyonyesha. Wengine nawaacha, na kuwaacha huko ndo kulinitesa moyo kuliko yote, lakini minyoo wao hawajaguswa na dawa na wanaendelea kuzaliana na wale sugu, hivyo usugu hautawali haraka. Dawa mpya alichagua daktari na kipimo chake, maana dawa nyingi kiasi cha kondoo hakimtoshi mbuzi. Kila aliyetibiwa naandika, aliyerudia mara tatu msimu mmoja nilimtoa, kundi likashuka hadi 24. Wanatoka umande ukikauka, majani yakiwa mafupi nawahamisha, na napenda wale vichaka maana juu huko vibuu hawafiki.

Kope inaonyesha upungufu wa damu tu jamani, mbuzi akiharisha kope ikiwa nyekundu mwite mtaalamu, na weupe unaweza kutokana na kupe au minyoo wa ini pia.

Mvua zilizopita kati ya 24 nimewapa dawa watano, kitoto kimoja tu kimekufa. Yule jike aliyefia mikononi mwangu aliacha binti, jumamosi nimemfunua kope ni namba 2, ana mimba ya miezi minne, sasa namwangalia kila wiki kwa sababu jike akikaribia kuzaa kinga inashuka na mayai ya minyoo yanapanda ghafla, na kitoto chake kitaanza kula majani hapo hapo alipo mama.