Alizeti inapogoma kutoa mafuta: jinsi tulivyotatua bila kemikali
Mashine yetu ya skrubu ya kukamulia alizeti ilitoa mashudu (mabaki ya mbegu zilizokamuliwa) laini yaliyojaa mafuta, na mafuta yenyewe yalikuwa na tope. Chanzo hakikuwa mashine: mbegu zilikuwa na unyevu, tena zimekobolewa maganda yote. Kiini kitupu huteleza kama uji; maganda kiasi ndiyo huleta msuguano.

Tulianika mbegu juani juu ya turubai hadi unyevu ukafika karibu asilimia 7 (mbegu ikibanwa kwa meno huvunjika kwa mlio), tukarudishia takriban robo ya maganda, kisha tukakaza koni (kipande kinachobana tundu la kutokea mashudu) kidogo kidogo hadi mashudu yakatoka makavu na membamba. Usikaze kwa pupa: mashine huziba na mafuta huungua. Heksani, kemikali ya kuyeyusha mafuta kutoka kwenye mbegu, haikuhitajika kabisa. Mafuta yalituama siku 3 kwenye ndoo yenye mfuniko, yakachujwa kwa kitambaa.