Bistro za Paris bila nguruwe wala mvinyo: ninavyofanya

Kinachomtatiza mtu wa Mombasa kwanza ni saa. Huku kwetu ukiingia hoteli ya Mwembe Tayari saa kumi alasiri, wali utaupata. Kule Paris jiko la bistro, yaani mkahawa mdogo wa Kifaransa, huwaka saa sita mchana hadi saa nane hivi, kisha huzimwa mpaka saa moja au moja na nusu usiku. Ukifika saa tisa utaambulia kahawa. Nyingi hufunga Jumapili au Jumatatu, na Agosti baadhi hufunga wiki kadhaa wenyewe wakienda likizo.

Mimi hula mchana, saa sita na robo, kabla watu wa maofisini hawajajaza meza. Mchana ndipo penye formule: chakula kikuu pamoja na kitangulizi au kitamutamu, kwa bei iliyo chini ya kuagiza kimoja kimoja. Mara nyingi huandikwa kwa chaki ubaoni, karibu na plat du jour, yaani chakula cha siku.

Mlangoni toa salamu kabla ya neno jingine lolote: "bonjour", na usiku "bonsoir". Sema mko wangapi, usubiri kuonyeshwa meza. Kujikalia tu kama tulivyozoea ni kukosa adabu. Mhudumu haitwi kwa makofi wala kwa "kijana!", mtazame, useme "s'il vous plaît", tafadhali.

Sasa menyu, na hapa usiwe na haraka. Jambon (paja la nguruwe) na saucisson (soseji kavu, kwa kawaida ya nguruwe) zinajulikana. Tatizo ni lardons, vipande vidogo vya nguruwe wa chumvi, ambavyo hutiwa kwenye saladi, kwenye quiche lorraine (pai ya mayai na krimu), hata ndani ya bœuf bourguignon (ng'ombe aliyepikwa kwa mvinyo mwekundu). Ukiona "salade" usidhani ni majani matupu. Mvinyo nao hujificha vilevile. Coq au vin, "jogoo kwa mvinyo", imejitaja yenyewe, lakini kome wa moules marinières, sosi ya siagi iitwayo beurre blanc, na mara nyingi supu ya vitunguu, vyote hupikwa kwa mvinyo mweupe. Ukiambiwa pombe imeishia motoni, jua haiishi yote, hasa sosi ikiwa imekaa jikoni muda mfupi.

Kwa hiyo huuliza kabla ya kuagiza, kwa maswali mawili mafupi: "Il y a du porc?", kuna nguruwe? (tamka: ilya dyu por) na "Il y a du vin dans la sauce?", kuna mvinyo kwenye sosi? (ilya dyu ven dan la sos). Jibu likiwa "un peu", kidogo, naachana nacho.

Kuku na ng'ombe wa bistro kwa kawaida si wa kuchinjwa kihalali, basi nabaki na mayai, mboga na samaki, na hapo si haba. Œufs mayonnaise ni mayai ya kuchemsha yaliyomwagiwa mayonezi nzito. Sole meunière ni samaki bapa aliyepakwa unga, akakaangwa kwa siagi na kutiwa limau. Ukimaliza, chovya mkate kwenye ile siagi, hakuna atakayekukodolea macho. Brandade ni samaki wa chumvi aliyepondwa kwa mafuta ya zeituni na maziwa, mara nyingi pamoja na viazi. Aliyelelewa kwa papa na ng'onda ataielewa mara moja.

Kitamutamu, chagua crème brûlée, kastadi yenye sukari iliyochomwa juu, au île flottante, povu la ute wa mayai juu ya kastadi. Bavarois na panna cotta, vitamutamu vya krimu iliyogandishwa, naziruka kwa sababu ya jelatini inayozigandisha, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Baba au rhum ni keki iliyolowa pombe.

Maji: sema "une carafe d'eau", jagi la maji. Ni ya bomba, salama, na bure kisheria ukiwa unakula. Ukisema maji tu, huenda ukaletewa chupa ya kulipia. Mkate nao ni bure, na huongezwa ukiomba. Kahawa huja baada ya kitamutamu, nayo huwa nyeusi na ndogo.

Bili hailetwi mpaka uitishe: "l'addition, s'il vous plaît". Bei ya menyu tayari ina malipo ya huduma ndani yake, kwa hiyo sarafu mbili tatu mezani zinatosha, na usipoacha hakuna neno. Mashine nyingine za kadi siku hizi hukuuliza utaongeza asilimia ngapi ya bahashishi. Bonyeza hapana, wala usione haya.