Jibu Lililopitia Kwangu Kwanza

Julai 2021 Bunge la Sierra Leone lilipiga kura kuifuta adhabu ya kifo. Mtu mmoja akaitupia habari hiyo kwenye kundi letu la WhatsApp, kundi la tuliosoma darasa moja. Hakuandika neno, aliweka kiungo tu na emoji ya makofi. Mpaka siku hiyo kundi lilikuwa la salamu za siku ya kuzaliwa, rambirambi na picha za watoto waliohitimu. Jioni ile likawaka moto.

Adhabu ya kifo nimeipinga tangu ujana wangu, kwa hiyo sikukaa kimya. Niliandika kisa cha Timothy Evans, aliyenyongwa Uingereza mwaka 1950 kwa kosa la kumuua bintiye mchanga. Shahidi mkuu dhidi yake alikuwa jirani wa nyumba hiyohiyo, John Christie. Miaka mitatu baadaye ikagundulika kwamba Christie mwenyewe ndiye aliyekuwa akiua wanawake na kuwaficha ndani ya nyumba ile. Mwaka 1966 Evans akasamehewa, yuko kaburini. Msamaha huo, niliuliza, unamfaa nini marehemu?

Majibu yakaja mfululizo. "Huruma yako kwa wauaji inatisha." "Angeuawa mdogo wako ungeandika haya?" Wa upande wangu nao hawakuwa malaika. Mmoja aliwaambia wote wanaotupinga kuwa wana kiu ya damu, nikaona haya kwa niaba yake. Katikati ya vurugu hizo mwenzetu mmoja akaandika, "Hongera dada kwa moyo mkubwa." Basi. Mpaka leo sijui alinisifu au alinikejeli. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Justin Kruger na wenzake kuhusu jambo hilihili: waandishi wa barua pepe walidhani msomaji angeitambua kejeli yao mara 78 katika 100, kumbe aliitambua mara 56, karibu sawa na kubahatisha. Nilichagua kuamini kwamba alinisifu. Nikamjibu "asante sana kaka," na naye hakunikosoa.

Niliyekuwa namhofia hasa ni Kiranja. Alikuwa kiranja wa bweni enzi hizo na jina halijamtoka. Anaunga mkono adhabu ya kifo kwa dhati, tena ni mtu wa hoja, hana matusi. Juu ya skrini nikaona "Kiranja anaandika". Likapotea. Likarudi. Likapotea tena. Kundini hakikuja kitu, ila simu ikalia: ameniingilia inboksi.

"Dada, habari za jioni. Nimekuandalia jibu na ni kali, nisikufiche. Kabla sijaliweka kundini, soma hapa mwanzo nilipoueleza msimamo wako. Nimekuelewa, au nimekulisha maneno?"

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba ananitega. Nikimjibu chochote, dakika mbili baadaye skrinshoti iko kundini. Hata hivyo nilisoma. Aliandika kwamba ninaamini muuaji akijuta aachiwe arudi nyumbani kwake. Nikamwambia hapo umenilisha maneno, kaka. Mimi nasema afungwe maisha. Ninachokataa ni kifo, kwa sababu mahakama ni watu, watu hukosea, na aliyekwisha kunyongwa hakati rufaa.

"Sawa," akaandika. "Hiyo ni ngumu zaidi kuijibu. Nipe nusu saa."

Jibu lilipotua kundini lilianza na msimamo wangu, na nakiri sijawahi kuuona umepangwa vizuri namna ile, hata na mimi mwenyewe. Kisha akataja tunapokubaliana: Evans hakuwa na hatia, na kesi yake ilikuwa fedheha. Baada ya hapo akanigeukia. Evans, alisema, alihukumiwa kabla ya kipimo cha vinasaba (DNA). Mwanasayansi Alec Jeffreys aligundua njia hiyo mwaka 1984, na upelelezi wa kwanza wa mauaji ulioitumia, huko huko Uingereza, ulianza kwa kumwokoa kijana aliyekwisha kukiri kosa ambalo hakulitenda. Sasa tuchukue kesi ambayo ushahidi wake hauna shaka hata chembe: kipimo kipo, picha zipo, mtuhumiwa mwenyewe anajivunia. "Dada, hapo utakubali anyongwe? Kama hata hapo unakataa, basi makosa ya mahakama siyo sababu yako. Tupe sababu yako yenyewe."

Niliweka simu chini. Kipigo kilikuwa cha halali. Hakuna dharau hata moja ya kuikamata, hakuna neno la kuligeuza kuwa ugomvi ili nikwepe swali. Watu hudhani upole mtandaoni ni kulegeza hoja. Mimi naona matusi ndiyo yanayolegeza. Yule wa "huruma yako inatisha" alinipa mlango wa kutokea bila kujua, kwa maana ningeweza kukasirika na kunyamaza, na watu wangeniona nina haki. Kiranja aliufunga mlango huo kwa adabu tupu.

Ilibidi nifikiri. Na ukweli ni kwamba makosa ya mahakama yalikuwa hoja rahisi kubeba, siyo mzizi. Mzizi ni kwamba sitaki dola, kwa jina langu, imfunge mtu mikono asiye na uwezo tena wa kumdhuru yeyote, kisha imuue. Niliandika hivyo. Halafu nikasema nami nimtendee kama alivyonitendea, nikampelekea inboksi kwanza. Sehemu ya pili ya jibu langu ilikuwa inabomoa dai kwamba adhabu ya kifo huwatisha wahalifu, na niliipenda sana. Nilikuwa na ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2012, iliyosema tafiti zilizokuwapo haziwezi kuonyesha kama adhabu hiyo inapunguza mauaji, inaongeza, au haibadilishi lolote.

Kiranja akajibu: "Nzuri, lakini hiyo siyo hoja yangu. Hata mimi siamini kwamba inatisha mtu. Mimi nasema anastahili. Hata kama asingezuiwa mhalifu mwingine yeyote duniani, yeye anastahili."

Aya yangu nzima ikaenda na maji. Niliifuta kwa uchungu, kwa kweli, maana nilikuwa nimeifanyia kazi. Ila baada ya kuifuta ndipo tulipofika mahali penyewe: yeye anauliza mtu anastahili nini, mimi nauliza dola ina mamlaka ya kufanya nini. Hapo hakuna takwimu itakayoamua. Tulibishana juu ya hilo mpaka usiku, kila mmoja akikazia lake.

Sitadanganya kwamba kundi zima lilifuata mwendo huo. Mmoja alituambia tumepanga igizo. Mwingine, tena wa upande wangu, aliniuliza kwa nini nambembeleza mtu anayetaka watu wafe, kisha akalefti. Yule wa kiu ya damu hakupunguza sauti hata kidogo. Admini alifunga kundi usiku kucha, na asubuhi tukaanza na salamu za siku ya kuzaliwa za mtu ambaye nadhani hakuisahau siku yake hiyo.

Muda mrefu baadaye nilisoma kwamba mwanahisabati Anatol Rapoport alishauri jambo la namna hii, na mwanafalsafa Daniel Dennett akalipanga kuwa kanuni: mweleze mpinzani wako msimamo wake mpaka aseme laiti ningeusema hivyo mimi, taja mnachokubaliana, ndipo ukosoe. Nikamtumia Kiranja. Alicheka. Hakuwahi kumsikia hata mmoja wao. Alisema ni mambo ya bweni tu: kabla hujampeleka mtu kwa mwalimu, umsomee kwanza unachokwenda kusema, la sivyo atakukana mbele ya mwalimu na wote mtachapwa.

Hajabadilika, wala mimi. Rais wa Zimbabwe alipotia saini sheria ya kufuta adhabu ya kifo, tarehe 31 Desemba 2024, ujumbe wa kwanza niliopata ulitoka kwake. "Hongera dada, leo siku yenu. Lakini isome sheria mpaka mwisho. Ikitangazwa hali ya hatari, adhabu inaweza kurudishwa. Kama dola haina mamlaka ya kuua, kifungu hicho cha nini?"

Nikamjibu kwamba hata mimi kifungu hicho sikitaki.

"Basi kaandike hivyo kundini," akasema, "wa upande wako wakushambulie wewe kidogo, na mimi nipumzike."