Busu Asilolikumbuka Farah

Katika michezo ya kompyuta iliyotiwa mapenzi ndani yake, mwanamke mara nyingi hupewa silaha mwanzoni, kisha moyo wake ukishalainika akageuzwa mtu wa kusubiri kuokolewa. Farah, binti wa Maharaja katika Prince of Persia: The Sands of Time, mchezo wa mwaka 2003 uliotengenezwa na Ubisoft Montreal kwa hadithi ya Jordan Mechner, hakuandikwa hivyo.

Kwanza, hana sababu yoyote ya kumpenda Mwanamfalme, mhusika mkuu ambaye mchezaji humwendesha. Jeshi la baba yake kijana huyo ndilo lililovamia kasri la Maharaja na kumchukua Farah mateka ili akatolewe zawadi kwa Sultani wa Azad, na ni Mwanamfalme mwenyewe ambaye, kwa kurubuniwa na Waziri wa Maharaja, aliufungulia mchanga wa kichawi uliowageuza watu kuwa viumbe vya kutisha. Wawili hawa wanaandamana kwa kuwa hakuna mwengine wa kuandamana naye, na maneno yao ya njiani yana miiba. Mwanamfalme hujisemea peke yake, mara akimshuku Farah, mara akijishuku mwenyewe.

Uhuru wa Farah umo pia katika namna mchezo wenyewe unavyokwenda, kwa sababu mchezaji hamwendeshi. Hupiga mishale kwa wakati wake, hupenya katika nyufa ambazo mwenzake hawezi kupita, akafungua mlango kwa upande wa pili, na akiuawa yeye mchezo umekwisha sawa na kama umeuawa wewe. Kisha, baada ya usiku ambao Mwanamfalme anaamini kuwa mapenzi yametimia, anaamka na kukuta jambia lenye uwezo wa kurudisha wakati, alilolitwaa katika kasri la Maharaja, limechukuliwa, na Farah amemwachia kidani chake ili mchanga usimdhuru.

Mpwa wangu, ambaye huja kucheza kwenye kompyuta yangu hapa Langoni, Lamu, kila shule zinapofungwa, alifika hapo akanigeukia kwa hasira. “Mjomba, si amemwibia huyu!” Nikamuuliza huyo aliyeibiwa alilipata wapi jambia lenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba hata hivyo angemwamsha.

Mimi namtetea Farah. Anampenda, lakini hajaona kuwa kumpenda kunamlazimu kumwamini, na hata kifo chake kinatokana na uamuzi wake: Mwanamfalme anapomzuia asianguke kwa kushika makali ya jambia ambalo Farah ameshika mpini wake, damu ikimchuruzika mkononi, Farah ndiye anayeachia.

Wakati unaporudishwa nyuma hadi kabla ya uvamizi ndipo tunapofahamu kuwa masimulizi yote ya Mwanamfalme tuliyoyasikia tangu mwanzo wa mchezo, pamoja na yale masahihisho yake kila mchezaji anapokufa, mfano wa mzee wa barazani aliyeteleza katika kisa chake, yalikuwa yakielekezwa kwa Farah ambaye hakuna hata moja alilolipitia. Haamini. Mwanamfalme anambusu, naye anamsukuma, kwa kuwa kwake huyu ni mgeni aliyeingia chumbani usiku. Hapo hadithi ingetosha. Lakini Mwanamfalme analitumia jambia kulifuta busu lile, kisha wanaendelea kuongea kana kwamba halikutokea, na Farah akimuuliza jina lake anajibu “Kakolukia”, neno la siri ambalo Farah alifundishwa na mama yake utotoni. Wachezaji wengi hulipenda jibu hilo, nami nalipenda, ila lile busu linanikera, maana mwanamke aliyekwisha kukataa amenyang’anywa hata kukataa kwake, na mchezo unalichukulia jambo hilo kama utani. Mpwa wangu anasema nazidisha.

Katika The Two Thrones, mchezo wa baadaye wa mfululizo huu uliotoka mwaka 2005, wakati umekwisha kubadilishwa tena, hivyo Farah hamjui kabisa, na Mwanamfalme inambidi aupate upya urafiki wake kwa mabishano marefu ndani ya Babylon iliyotekwa, jambo ambalo naliona kuwa adhabu inayomfaa.