Ametangazwa na Nani?

Usiku wa tarehe 7 Novemba 2000, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani kati ya Al Gore na George W. Bush, nilikuwa zamu katika idhaa moja ya Kiswahili mjini Washington. Ukutani televisheni tano, moja kwa kila stesheni kubwa, na mezani kompyuta iliyokuwa ikimwaga habari za shirika la habari la Associated Press bila kupumzika. Kila ilipotimia saa kamili tulirusha taarifa ya dakika tano kwenda Afrika Mashariki, ambako saa zilikuwa nane mbele yetu. Mhariri wa zamu tulimwita Mzee, na kalamu yake ilikuwa nyekundu.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri na kusoma, na shida yote ya usiku ule ilianzia kwenye neno moja. Tanzania ndiyo kwanza ilikuwa imetoka kwenye uchaguzi wake wa tarehe 29 Oktoba, na Zanzibar walikuwa wamerudia upigaji kura katika majimbo 16 ya uchaguzi siku mbili tu kabla. Msikilizaji wa Tanga akisikia "fulani ametangazwa mshindi" haulizi nani katangaza. Ni Tume. Sasa Marekani haina Tume ya namna hiyo. Serikali kuu haijumlishi kura za urais. Kaunti, mfano wa wilaya, inahesabu zake, jimbo lenye kaunti hizo linajumlisha na kuthibitisha baada ya siku au wiki kadhaa, na wajumbe 538 wanaomchagua rais hasa hawapigi kura zao hadi Desemba. Anayesema usiku uleule kwamba fulani kashinda ni mwandishi wa habari, kwa hesabu zake mwenyewe. Associated Press wanazijumlisha kura hizo tangu mwaka 1848, na hakuna sheria iliyowatuma.

Televisheni nazo mwaka ule zilikuwa zikila chungu kimoja. ABC, CBS, NBC, CNN na Fox, pamoja na Associated Press, walichangia gharama za chombo kilichoitwa Voter News Service. Kilifanya kazi hivi: kabla ya siku ya kura kinateua vituo vichache kwa bahati nasibu, katika jimbo la Florida vilikuwa 45. Kwenye mlango wa kila kituo husimama mhojaji na karatasi za maswali. Hamsimamishi kila mtu, anahesabu: kila wa tatu, kila wa tano, kutegemea ukubwa wa kituo. Anayekubali anajaza karatasi na kuitumbukiza kwenye sanduku. Mara kadhaa kwa siku mhojaji anapiga simu na kusoma majibu kwa mtu anayeyaingiza kwenye kompyuta. Vituo vikifungwa, zinaongezwa kura halisi za vituo vya mfano, kisha jumla za kaunti. Kila stesheni ilikuwa na meza yake ya uamuzi, watu wa takwimu waliofungiwa chumbani, lakini wote walitazama namba zilezile. Stesheni tano zikisema jambo moja, umemsikia shahidi mmoja mara tano. Hilo sikulijua usiku ule.

Saa 1:50 usiku stesheni zikaanza kumpa Al Gore Florida, moja baada ya nyingine. Jimbo hilo lilikuwa na kura za wajumbe 25 kati ya wale 538, na mshindi anahitaji 270. Sehemu kubwa ya Florida hufunga vituo saa 1 usiku, lakini kaunti za ukanda wa magharibi ziko saa moja nyuma, kwa hiyo huko watu walikuwa bado foleni na zimebaki dakika kumi. Saa 2 kamili, Dar es Salaam ikiwa saa 10 alfajiri, nikasoma hewani: "Al Gore ameshinda jimbo la Florida." Sentensi fupi, tamu, ya moja kwa moja. Mzee alikuwa ametoka kwenda kunywa chai.

Kosa lao lilikuwa wapi, ilijulikana baadaye. Wahojaji wa mlangoni hawamwoni mtu aliyepiga kura kwa posta. Hesabu ilikuwa imekadiria kwamba watu hao watakuwa kama 7 katika kila 100. Walikuwa 12, na wengi wao wa Bush. Vituo vya mfano vya upande wa Tampa navyo vilimpa Gore zaidi ya alichokuwa nacho. Kila dosari peke yake ni ndogo. Zote zilielemea upande mmoja.

Saa 3:54 usiku CNN na CBS wakaiondoa Florida kwa Gore, wengine wakafuata. Nyumbani ilikuwa zimebaki dakika sita kabla ya taarifa ya saa 12 asubuhi, ile ambayo watu wanaisikiliza wakifunga vifungo vya shati. Nikaichukua karatasi yangu niandike kwamba Gore "amenyang'anywa" Florida. Mzee akanishika mkono.

"Amenyang'anywa na nani?"

"Na televisheni, Mzee."

"Televisheni ilimpa lini? Aliyempa ni wewe. Wao walikisia, wewe ukasema ameshinda."

Akakata sentensi na kuandika juu yake: "Stesheni za televisheni za Marekani zimefuta makadirio yao ya awali kuhusu Florida." Ndefu na chapwa. Nikaisoma hivyohivyo.

Saa 8 usiku ikatukuta hakuna aliyefika 270 na kila kitu kinaning'inia Florida. Saa 8:08 hesabu ya Voter News Service ikaruka: George W. Bush anaongoza kwa kura 51,433. Wakakadiria kwamba zilizobaki ni kama 180,000, na Gore hawezi kulifuta pengo lile. Saa 8:16 Fox wakasema Bush kashinda Florida, na kwa hiyo urais. NBC, CNN na CBS hawakuchukua hata dakika mbili. Saa 8:20 ABC. Ukutani kwetu sura tano za Bush, zote zinatabasamu.

Simu kutoka Afrika Mashariki zikaanza kulia. Huko ilikuwa saa 4 na ushei asubuhi, na stesheni za FM zilizokuwa zikijiunga nasi zilitaka taarifa ya dharura. Nikachapa: "George W. Bush ametangazwa Rais wa 43 wa Marekani."

Mzee akaisoma akiwa amesimama. "Ametangazwa na nani?"

"Stesheni zote tano, Mzee. Zote!"

"Na Associated Press?"

Nikatazama kompyuta. Ilikuwa ikileta namba za kaunti. Mshindi haikumtaja.

Hapo ndipo nilipojifunza tofauti. Shirika lile lilikuwa na watu wake kwenye ofisi za kaunti, wanaosoma namba ubaoni na kuzituma kwa simu, mbali na hesabu ya pamoja. Na watu hao walikuwa wameona kioja cha kaunti ya Volusia. Kadi ya kumbukumbu ya mashine moja, kituo namba 216, ilikuwa imempa Gore kura 16,022 chini ya sifuri, katika kituo chenye wapiga kura wasiofika 600. Kadi hiyohiyo ilimpa mgombea wa chama kidogo cha kisoshalisti kura karibu 10,000. Kaunti ilisahihisha. Masahihisho yaliwafikia Associated Press karibu muda uleule Fox walipokuwa wanatangaza. Hesabu ya pamoja ilichelewa zaidi ya nusu saa. Na kura zilizobaki hazikuwa 180,000, zilikuwa karibu mara mbili, nyingi zikitoka kaunti ya Palm Beach, ngome ya Gore.

Mzee hakujua habari za kadi, hakuna chumbani kwetu aliyejua. Alijua tu kwamba anayehesabu mwenyewe amenyamaza. Taarifa ikatoka hivi: "Stesheni kubwa za televisheni za Marekani zinakadiria kwamba George W. Bush ameshinda. Shirika la habari la Associated Press bado halijamtaja mshindi, na jimbo la Florida halijathibitisha matokeo." Stesheni moja ya FM ilichukua sentensi ya kwanza, ikaikata kichwa, na kuwapa wasikilizaji wake "George W. Bush ameshinda." Hilo hatukuweza kulizuia.

Gore naye aliamini televisheni. Alimpigia Bush simu kumpongeza, akaondoka hotelini Nashville kwenda kuhutubia wafuasi waliokuwa wakinyeshewa mvua. Njiani wasaidizi wake wakapata namba za jimbo lenyewe, pengo likiyeyuka. Hakupanda jukwaani, akapiga simu ya pili kuifuta ya kwanza. Kufika saa 10 alfajiri na dakika chache, stesheni zote tano zilikuwa zimemwondoa Bush, na baadhi ya magazeti yalikuwa yameshachapa ushindi wake na kupakiwa kwenye magari. Kulipokucha tofauti ilikuwa kura 1,784 kati ya karibu milioni 6, na sheria ya Florida inataka kura zihesabiwe upya tofauti isipozidi nusu ya asilimia moja. Kesi, mahakama na zile kura 537 za mwisho zilizompa Bush ushindi zilikuja baadaye.

Zamu yangu ilikwisha kwa taarifa ya saa 7 mchana ya nyumbani. Nilipotoka studio Mzee alikuwa kwenye simu na msikilizaji wa Morogoro aliyekuwa amekasirika: amesikia Gore, amesikia Bush, sasa anasikia hakuna. Anataka jibu moja tu, rais wa Marekani ni nani.

"Bill Clinton," Mzee akamwambia. "Mpaka tarehe 20 Januari."